Mifuniko ya Mtaa wa Mgunga

Ujumbe ulinikuta juu ya ngazi nyumbani kwangu Madale, nikimwonyesha fundi mwinamo unaotakiwa kwenye mifereji ya paa. Nyumba hiyo nimeijenga kwa ramani niliyoichora mwenyewe. Miaka kumi na tisa nimesimamia mitaro ya maji ya mvua katika nchi za Ghuba, nimeongoza watu wa mataifa saba, na nilianza na diploma moja tu ya ujenzi, ambayo mpaka leo imetundikwa sebuleni mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyekuwa ameshika simu ile. Ujumbe ulisema: "Mzee Salumu wa mitaro katutoka alfajiri. Tunazika leo baada ya swala ya alasiri." Niliusoma mara mbili. Nikairudisha simu mfukoni, nikamwambia fundi ashushe sentimita mbili upande wa kushoto. Halafu nikashuka, nikaoga, nikapiga pasi shati.

Baada ya maziko tulirudi nyumbani kwa marehemu, nyumba ya vyumba sita nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, tukakaa uani kwenye mikeka. Wengi waliokuwapo niliwajua kwa sura, ingawa nywele zilikuwa zimebadilika rangi. Miaka ishirini na saba iliyopita tulikuwa kikosi kimoja cha mitaro cha manispaa, na Mzee Salumu alikuwa mnyapara wetu. Aliyenitumia ujumbe ni Chepe. Jina lake la kweli nimelisahau, labda hata yeye, kwa sababu tangu ujana hakuna aliyewahi kumwona bila chepe begani.

"Huyu ndiye Diploma," akawatangazia. "Mnamkumbuka? Kanenepa, lakini ndiye."

"Uarabuni huko," akajibu mmoja. "Wali na nyama ya mbuzi kila siku ya Mungu."

Wakacheka kwa chini, kama watu wanavyocheka msibani. Kahawa ikapita. Mazungumzo yakarudi kwa marehemu, jinsi alivyokuwa hapokei soda ya mfanyabiashara, jinsi alivyokuwa akivua kofia kabla ya kuingia mtaroni kana kwamba anaingia kwa mtu.

"Ila masikio ndiyo yalimponza," mmoja akasema.

"Yale ya Mgunga?"

"Si ndiyo yale! Mtu alikuwa anagonga zege, anakwambia chini kuna nini, kama daktari. Siku moja tu sikio likamwangusha. Kiziwi, Kiziwi, mpaka leo tumemfukia na jina hilo."

"Bwana, mwache marehemu," Chepe akasema.

"Simsemi vibaya. Nasema alikosea. Nani hakosei?"

Mimi nilikunywa kahawa yangu. Nilidhani katika ua ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba Mzee Salumu hakukosea. Aliyekosea nilikuwa mimi. Nilikuwa nimelijua hilo kwa miaka ishirini na saba, nimekaa pale na shati lililopigwa pasi, na nilichokuwa nakiwaza ni kwamba kahawa ile ilikuwa na tangawizi nyingi.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu ndani ya bahasha ya khaki niliyoilalia ili isikunjike. Manispaa ilinipokea kwa muda kama msaidizi wa fundi sanifu, kwenye mitaro na usafi wa barabara, na kuniahidi ajira ya kudumu mwaka ukiisha salama. Ofisi yetu ilikuwa stoo. Mabuti ya mpira yalikuwa yamevishwa kichwa chini kwenye vijiti ili yakauke, mitaimbo imesimamishwa pembeni, machepe yananing'inia, na katikati kulikuwa na meza yangu, ambayo mguu mmoja mfupi ulikuwa umewekewa kipande cha zege. Kulikuwa na harufu ya tope lililokauka na dizeli. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya maziwa hadi kimo cha bega, na kuanzia hapo kwenda chini zilikuwa na alama za migongo ya watu walioegemea wakisubiri kupangiwa kazi. Nilipofika siku ya kwanza, kama kawaida ya kijana aliyesoma, niliomba kikosi kikae nikieleze mpango wa kazi. Wakakaa. Nikaeleza. Mzee Salumu, mtu wa Kilwa, mwembamba, kofia ya kufuma imekaa wima kichwani, akasikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Baba, chai umekunywa?"

Asiyejua Kariakoo hudhani mitaro haipo. Ipo, ila imefunikwa kwa mifuniko ya zege, na juu ya mifuniko kuna mji mzima. Kila mfuniko una mwenyewe. Huyu kapanga viatu, yule sufuria, mwingine vitenge, na wote wanasema "mfuniko wangu" kama mtu anavyosema chumba changu. Kuna waliorithi mfuniko kwa kaka. Kwa hiyo kusafisha mtaro si kazi ya chepe tu. Unafika asubuhi kabla hawajapanga, unainua mfuniko kwa mitaimbo miwili, na kabla ya kuinua Mzee Salumu anauandika kwa mkaa: alama ya mwenyewe na mshale wa upande ulioelekea duka. Maana ukiurudisha mfuniko mahali pa jirani, au ukiugeuza, kesho yake kuna ngumi. Chuo hakikunifundisha hilo. Nilisema kwa sauti kwamba ni upuuzi, zege ni zege, nikaamuru mifuniko kumi irudishwe kwa mpangilio wa haraka. Kesho yake wanawake wawili walikuwa wamekamatana vilemba, na mmoja akanielekezea kidole: "Ndiye huyu mwenye kalamu!" Mzee Salumu aliipanga upya mwenyewe. Hakunisema. Alinitazama tu, kisha akajifuta mkaa kwenye suruali.

Jambo la pili ambalo chuo hakikunifundisha lilikuwa kugonga. Mzee Salumu alikuwa akitembea juu ya mtaro na mtaimbo wake, akigonga kila mfuniko mara moja, kichwa amekiinamisha upande. Mtaro ulio wazi chini hutoa mlio mrefu, naye husema, "Hapa panapumua." Mtaro uliojaa tope hutoa mlio mfupi, mzito, naye husema, "Hapa pamekufa." Alikuwa anajua hata kina cha tope, kwa vidole. Mimi nilikuwa na kijiti changu nilichokitia alama za sentimita, nilichokuwa nikikizamisha kwenye tundu la juu na tundu la chini la kila mtaro, nikaandika. Mara ya kwanza tuliposhindana, alisema vidole vinne, na kijiti kikasoma sentimita nane. Chepe akapiga makofi. "Diploma, rudi chuo wakurudishie nauli!" Nami nikacheka pamoja nao, lakini sikufurahi. Nilikuwa nimelala njaa ili nipate cheti kile, na hapa palikuwa na mzee asiye na hata cha darasa la saba anayesoma zege kwa sikio.

Mchana tulikula kwa Bi Somoe, mama lishe kutoka Lindi, aliyepikia uani kwenye nyumba ya Mtaa wa Mgunga, nyuma ya duka la Mangi. Alikuwa na benchi mbili, ukuta wa matofali nyuma yake, na sufuria ya samaki wa nazi ambayo harufu yake ilikuwa inatufikia tukiwa bado tumeinama mtaroni. Alitunawisha mwenyewe, akimimina maji kutoka kwenye birika, na hakumruhusu mtu wa mitaro kukaa kabla hajanawa mpaka kiwiko. "Mnatoka huko chini na mambo yenu," alisema, "samaki wangu hajafanya kosa lolote." Ukuta ule wa nyuma ulikuwa na unyevu wakati wote. Niliuona. Niliuegemea kila siku.

Karibu na masika Madam, mkuu wetu wa idara, alituita. Wakaguzi wa kutoka juu walikuwa wanakuja Ijumaa, na mitaro ya eneo letu lote ilitakiwa iwe na fomu zilizojazwa: mita zilizosafishwa, kina cha tope, sahihi ya msaidizi wa fundi, na chini kabisa mstari mmoja ulioandikwa "Maoni ya mnyapara". "Kijana," Madam akaniambia, "fomu hizi zikiwa safi, na barua yako ya ajira itakuwa safi." Hakunitisha. Alisema kama mtu anayenitakia heri, na nadhani kweli alinitakia.

Alhamisi tulikuwa Mtaa wa Mgunga. Kazi iliisha vizuri kutoka juu hadi dukani kwa Mangi, na kutoka dukani kwake hadi chini. Katikati palikuwa na shida. Mangi, mtu wa Rombo, muuza sukari na mchele kwa jumla, alikuwa amejenga baraza mbele ya duka na kulipamba kwa vigae vyekundu, na chini ya vigae ilikuwapo mifuniko mitatu isiyoinuka tena. Mzee Salumu akagonga kigae cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akarudia. Kichwa upande.

"Pamekufa," akasema. "Pamekufa vibaya. Tuvunje hapa."

Mangi akatoka na leso ya unga begani. "Mvunje nini? Mzee, vigae hivi vimetoka Moshi na mimi juu ya lori, nimevipakata kama mtoto."

"Mangi, baba, maji hayana pa kupita."

"Mwaka jana yalipita wapi?"

"Mwaka jana palikuwa pagonjwa. Mwaka huu pamekufa."

Watu wakacheka. Mangi akanigeukia mimi, mwenye kalamu. "Msomi, wewe unasemaje? Au siku hizi manispaa inapima kwa sikio?"

Hapo ndipo. Nimeirudia dakika ile mara nyingi katika vyumba vya hoteli na kwenye vyumba vya wafanyakazi, na kila nikiirudia naiona kama picha ya mtu mwingine. Nilizamisha kijiti tundu la juu: sentimita moja. Tundu la chini: hakuna kitu. Nikaagiza ndoo tatu za maji, nikazimwaga juu. Tukasubiri. Maji yakatokea chini, membamba, lakini yakatokea. Nikasema, kwa sauti ya kutosha watu wote wasikie, "Mtaro unapitisha. Hakuna haja ya kuvunja."

"Maji ya ndoo yana adabu," Mzee Salumu akaniambia taratibu. "Hayo ya mbinguni hayana. Mwanangu, tuvunje. Nitamwekea vigae vyake mwenyewe."

"Mzee, nimeshapima."

Hakubishana. Aliniomba fomu na kalamu. Akaiweka fomu juu ya goti, na kwenye mstari wa maoni ya mnyapara akaandika, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko mdogo uliopangika vizuri. Ndivyo alivyofundishwa kuandika Kiswahili utotoni kwao Kilwa, na hakuwahi kujifunza kingine. Akanirudishia. Mimi herufi zile sikuzijua. Kwangu zilikuwa mistari na nukta.

"Hii haisomeki, mzee," nikamwambia.

"Inasomeka."

"Wakaguzi hawatasoma." Nikamrudishia ile karatasi, nikachukua fomu mpya, nikaijaza upya kwa mwandiko wangu wa chuoni, mstari wa maoni nikauacha wazi, nikatia sahihi. Mangi akatupa soda. Mzee Salumu hakuinywa. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati.

Wakaguzi walikuja, wakasifu, wakaondoka. Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha tangu asubuhi. Jangwani kule ikajaa kama inavyojaa, na sisi huku juu tulitakiwa tuwe salama. Maji ya Mtaa wa Mgunga yalishuka mpaka kwa Mangi, yakagonga tope lililojaa chini ya vigae, yakasimama, yakatafuta njia. Yakapitia uchochoroni, yakaingia uani. Tulipofika kwa miguu, maji magotini, ukuta wa nyuma ya Bi Somoe ulikuwa umeshalala. Alikuwa chini yake kuanzia kiunoni. Sufuria ilikuwa inaelea. Tulinyanyua matofali kwa mikono, na Mzee Salumu alikuwa akizungumza naye muda wote, akimuuliza habari za Lindi, za shamba, za korosho, naye alijibu vizuri kabisa kama mtu aliyekaa kwenye benchi. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitali ilimweka miezi, kisha ndugu zake wakaja kumchukua akiwa amelazwa kwenye godoro. Sikwenda kumuaga. Nilikuwa na kazi siku ile, na nilipomaliza kazi nilikula mkate na chai, nikalala, nikalala vizuri.

Kikao kilifanyika ofisini kwa Madam, tukiwa watu watatu. Fomu yangu ilikuwa mezani. Feni ilikuwa inazunguka na kuinua ncha ya karatasi, na Madam aliikandamiza kwa kikombe.

"Msaidizi kapima matundu mawili, yako safi," akasema. "Katikati hapaonekani. Ndiyo maana tuna mnyapara. Mzee Salumu, uligonga pale?"

"Niligonga."

"Ukasikia nini?"

Mzee Salumu alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama siku ile alivyoniuliza kama nimekunywa chai. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye mfuko wa shati, ukakaa pale. Nilijua kilichokuwa mfukoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu: alisema pamekufa, mimi nikakataa. Nilitazama kikombe. Mkono wake ukashuka.

"Nilisikia panapumua," akasema. "Umri, Madam. Masikio."

Kwenye ngazi, tukishuka, nikajaribu kumshukuru. Akanikata. "Cheti chako kikichafuka hakuna pa kukifulia. Mimi mtaimbo wangu nitaugonga popote." Lakini hakuugonga popote. Nani amchukue mnyapara asiyesikia? Aliachishwa mwezi ule. Nilimwona mara kadhaa Mnazi Mmoja na birika la kahawa na vikombe vyake, akigonganisha vikombe kuita wateja, na vijana wa kikosi walikuwa wakipita wakimpigia kelele, "Kiziwi! Unatusikia?" Naye akiwainulia mkono. Mimi nilikuwa nikipita upande wa pili wa barabara. Barua yangu ya ajira ilitoka. Ilikuwa safi. Kwa barua ile nikapanda, kwa kupanda nikaondoka, na kila nilichokipata nimekipata kwa jasho langu, hilo nalisema mbele ya yeyote. Ila ngazi ya kwanza naijua ilikuwa mgongo wa nani.

Basi jioni ile ya msiba, vikombe vilipokuwa vinakusanywa, mwanamke mmoja aliyejifunga kanga ya msiba alikuja akapiga magoti pembeni ya mkeka wetu. Chepe akaniambia ni Mwanahawa, binti wa marehemu.

"Shikamoo, kaka. Wewe ndiye Diploma?"

"Marahaba. Ndiye."

Akaniwekea karatasi mbele. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo imevaa mpaka imekuwa kama kitambaa. Niliijua kabla sijaikunjua. Fomu ya manispaa, Mtaa wa Mgunga, mwandiko wangu wa ujana ukijivuna juu, na chini, kwenye mstari wa maoni, ile mistari na nukta.

Miaka kumi na tisa ya Ghuba hufundisha mengi. Nimesoma mabango, mikataba, risiti, barua za vitisho kutoka kwa wakandarasi. Herufi zile nazisoma sasa bila kusita. Macho yalifika mwisho wa mstari kabla sijataka yafike.

"Wewe umeisoma?" nikamuuliza.

"Kaka, mimi nimesoma madrasa. Nimeijua tangu nina miaka tisa." Alizungumza kwa upole, bila haraka. "Baba alitukataza kuitoa. Kila wakimwita Kiziwi, mimi nataka kuitoa, yeye anakataa. Anasema, mwenye fomu akirudi ataisoma mwenyewe."

"Na kama nisingerudi?"

"Ningemzika nayo. Leo asubuhi Chepe akasema umerudi, upo Madale." Akawatazama wanaume waliokuwa wakiongea, wakinyoosha miguu, wakitafuta viatu. "Hawajaondoka bado."

Sikuhisi kitu, na sitajifanya kwamba nilihisi. Moyo haukunienda mbio, machozi hayakunitoka. Nilifikiri tu kwamba mikono yangu ilikuwa safi mpaka kwenye kiwiko, na kwamba miguu imekufa ganzi kwa kukaa. Nikasimama. Chepe akadhani naaga, akainuka kunisindikiza.

"Kaeni kidogo," nikasema. "Kuna maoni ya mnyapara hayajasomwa."

Wakakaa, kwa mazoea tu, kama siku ile stoo nilipowaambia wakae niwaeleze mpango wa kazi. Nikaikunjua karatasi, nikasoma kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sauti niliyomwambia nayo Mangi kwamba mtaro unapitisha:

"Mbele ya duka la Mangi pamekufa. Nimegonga mara sita. Nimemwambia kijana tuvunje, amekataa. Salumu."

Kikombe kimoja kiliwekwa kwenye sinia. Yule aliyesema kwamba sikio lilimwangusha marehemu alikuwa ameinamisha kichwa upande, kinywa wazi kidogo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.